Ada imepanda bila mkutano

*Nina nyumba ghorofa ya tatu, Nairobi. Kamati imepandisha ada ya huduma kutoka shilingi 4,500 hadi 7,000 bila kutuita. Nimegoma kulipa, sasa wanatishia kunikatia maji. – Mama wa Ghorofani*

Naona kinachokukera zaidi ni kutoulizwa. Lakini mgomo utakuponza: deni linakua, na lifti haingoji mpatane. Lipa ile 4,500, ueleze kwa barua kwamba unapinga nyongeza, utunze risiti. Katika barua hiyo hiyo dai bajeti na kumbukumbu za mkutano. Kamati safi haikawii kuzitoa. Kama hati yako ni ya Sheria ya 2020 ya umiliki wa nyumba za ghorofa, kuna kamati ya ndani ya usuluhishi. Wakifunga bomba, muone wakili siku hiyo hiyo.