Kufundisha Kanuni za Wageni Baharini

Kijiji cha Msimbati kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Wazazi wavuvi wamewekewa masharti. Kwa hiyo mtoto atauliza: je, mgeni naye? Tusilikwepe swali hilo.

Tuanze na mfano wa mbali. Mwaka 2009 nchi za Mkataba wa Antaktika, bara la barafu, zilikubaliana kwamba meli yenye abiria zaidi ya 500 isishushe watu. Na kutoka meli nyingine wasishuke zaidi ya 100 kwa wakati mmoja, kila 20 wakiwa na kiongozi.

Kisha tutoke nje. Tuchore duara mchangani, tuchomeke vijiti humo. Wapite wanafunzi 5, halafu darasa zima. Kila mara wahesabu vijiti vilivyoanguka. Matumbawe nayo huvunjika yakikanyagwa.

Mwisho, kila kikundi kitunge kanuni tatu zinazomhusu mvuvi na mgeni pia, kikitaja sababu zake. Kipimo cha somo ni hiki: kanuni ambayo mtoto hawezi kuieleza mbele ya mzazi wake mvuvi, bado hajaielewa.