SIMU YENYE KUFULI: MWENYE MALI NI NANI?



Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu wa Vuga, somo letu leo ni la muamalat. Mzazi mmoja wa madrasa alinunua simu kwa fedha taslimu. Alipoweka laini ya mtandao mwingine, simu ikakataa. Kumbe imefungwa itumie laini za kampuni moja tu, na muuzaji hakumwambia. Je, hii ni halali? Tujue kwanza kuwa makufuli ni ya aina mbili.

1. Kufuli la deni
Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza nchini Kenya taa za umeme wa jua kwa malipo madogo madogo. Malipo yakikoma, mtambo huzimwa kwa mbali. Leo simu za mkopo hufungwa vivyo hivyo. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Jidda cha mwaka 1990, iliamua kuwa muuzaji wa mkopo habakishi milki kwake baada ya kuuza, ila anaweza kushurutisha kitu kiwe rahani mpaka alipwe. Kwa hiyo kufuli lililotajwa katika mkataba tunalifananisha na rahani. Deni likiisha, lifunguliwe. Na nyongeza ya kuchelewa kulipa ni riba.

2. Kufuli la kumfunga mteja
Hapa mnunuzi amekwisha lipa yote, lakini hawezi kuhamia mtandao mwingine. Kumficha jambo hili ni ghushi. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini kimelowa, akamkemea mwenyewe kwa kutokiweka juu watu wakione. Mnunuzi aliyefichwa kasoro ana khiyari ya kurudisha mali. Hata Marekani, sheria ya mwaka 2014 ilimrudishia mteja haki ya kufunguliwa simu yake.

Tufanye nini?
(a) Tuulize kabla ya kulipa, na tujaribu laini zaidi ya moja papo hapo dukani.
(b) Mkopo uandikwe, kama ilivyoamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 282.
(c) Vijana, kumpelekea fundi simu ya mkopo avunje kufuli ilhali deni lipo ni khiyana. Tunadai haki yetu, basi na sisi tutimize ahadi.

Zoezi: Eleza tofauti ya rahani na ghushi.

Wabillahi tawfiq.