Fahamu Urithi Wako: Kwa Nini Nyumba ya Mawe ya Lamu Hutaka Chokaa

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka wa 2001. Sifa hiyo inatokana kwa sehemu kubwa na nyumba zake za mawe, nyingi zikiwa bado makao ya familia. Mkaazi anayetaka kuelewa ujenzi wake anaweza kutembelea Makavazi ya Nyumba ya Waswahili, nyumba ya karne ya 18 inayotunzwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya (NMK).

Mpangilio

Mgeni hupokewa kwenye daka, ukumbi wa mlangoni wenye baraza za mawe. Baada ya mlango kuna tekani, ambayo humzuia mpita njia kuona ndani. Kisha huja kiwanda, yaani ua wa wazi unaoleta hewa na mwanga. Misana hufuatana kutoka hapo hadi chumba kiitwacho "ndani", ambacho ukuta wake hupambwa kwa zidaka za kuwekea vyombo. Kadiri mtu anavyoingia, ndivyo faragha inavyozidi.

Vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wa takriban mita 3. Sababu ni boriti za mikoko zinazobeba dari: urefu wake ndio uliompimia fundi chumba.

Ukuta

Kuta nene zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, ambayo nayo hupatikana kwa kuchoma matumbawe. Mawe hayo hunyonya unyevu na chumvi ya bahari. Chokaa huuachilia unyevu huo utoke taratibu.

Saruji haifanyi hivyo. Ukuta wa matumbawe ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hukwama ndani, chumvi husukuma lipu hadi ibambuke, na ncha za boriti zilizo ukutani huanza kuoza. Ukarabati ulioonekana imara huishia kudhoofisha nyumba.

Kabla ya kukarabati

Majengo ya kale yaliyotangazwa rasmi yanalindwa na Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya mwaka wa 2006. Wenye nyumba katika Mji wa Kale wanahimizwa kufika ofisi ya NMK, Lamu, pamoja na idara ya mipango ya kaunti kabla ya kubomoa, kuongeza ghorofa au kubadilisha mlango. Ni vyema pia kumtafuta fundi anayeijua kazi ya chokaa, na kuziba dari inayovuja mapema, kabla boriti hazijaoza.