Utafiti Ugeuke Filamu, Mtoto Apone



Siku hizi wanafunzi wa sekondari na wa uuguzi hupewa kazi ya kikundi: wasome utafiti wa afya, kisha waugeuze kuwa filamu fupi ya katuni yenye michoro na takwimu. Ni kazi njema, kwa maana filamu hiyo huweza kuoneshwa kliniki, jumuiyani au kwenye simu. Lakini sisi wauguzi tunasema: katika mambo ya afya, mchoro uliokosewa huweza kumdhuru mtoto. Mwezi huu tujifunze kwa mfano wa ugonjwa wa kuharisha.

1. Tuchague ukweli mmoja

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kilizuka kati ya wakimbizi waliokimbilia India. Katika kambi ya Bongaon dripu hazikutosha. Daktari Dilip Mahalanabis na wenzake walichanganya chumvi, magadi ya kuokea na glukosi katika maji, na ndugu wa wagonjwa wakasaidia kuwanywesha. Kabla ya hapo walikuwa wakifa karibu wagonjwa 30 katika kila 100. Kwa waliotibiwa hivyo, walikufa chini ya 4 katika kila 100.

Kikundi kijiulize: mama akishatazama, akumbuke nini? Jibu: mtoto anayeharisha anyweshwe mapema. Yasiyosaidia jibu hilo yaachwe.

2. Takwimu ziwe watu

Neno "asilimia" huwashinda wengi. Chora watu 100, safu 10 za watu kumi kumi. Katika picha ya kwanza wafifie 30; katika ya pili wafifie 4 tu. Idadi na ukubwa wa watu viwe sawa katika picha zote mbili, la sivyo tutadanganya.

3. Mwendo uwe na kazi

Katika ukuta wa utumbo mna vijilango vinavyopitisha chumvi na sukari vikiwa pamoja, na maji huvifuata. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi. Hapa ndipo katuni inafaa kutembea, kwa sababu mwendo wenyewe unafundisha. Mapambo yanayorukaruka humpotezea mtazamaji mawazo.

4. Tugawane kazi

Mmoja asome utafiti na kulinda ukweli wake, mwingine aandike maneno, mwingine achore, mwingine ashughulikie kompyuta, mwingine asome kwa sauti. Kwanza chora filamu yote katika visanduku kwenye karatasi, na muuguzi au daktari avipitie. Filamu ya picha 12 kwa sekunde ina picha 720 kwa dakika. Kosa la kwenye karatasi hufutwa kwa ufutio. Likishaingia katika picha 720, kulitoa ni kazi ya siku nyingi.

5. Tuijaribu

Waonesheni akina mama wachache kabla ya kumaliza. Msiulize, "Mmeipenda?" Ulizeni, "Mtoto wako akiharisha leo, utafanya nini?" Mkichora kikombe mahali pa chupa ya lita moja, mama huweza kumimina pakiti nzima kikombeni, na chumvi ikamzidi mtoto. Mkichora nzi mkubwa kama kuku, mtu atasema nzi wa kwao ni wadogo, hawana neno.

Yasiyokosekana katika filamu hii

– Pakiti ya lita moja ichanganywe na lita moja kamili ya maji safi, na mchanganyiko utumike ndani ya saa 24.
– Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole.
– Aendelee kunyonya na kula.
– Apewe zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi 6.
– Akishindwa kunywa, akilegea, macho yakididimia au kukiwa na damu kwenye choo, apelekwe hospitali mara moja.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Chupa gani hapa kwetu ina lita moja kamili?
2. Kwa nini kumnyima maji mtoto anayeharisha ni hatari?
3. Ni mchoro gani ungemweleza bibi jambo hili bila maneno?