Chanzo cha Umeme cha Maabara na Mipaka ya Uwezo Wake

Katika maabara ya shule, chanzo kimoja cha umeme huweza kuhudumia madarasa mengi. Kikiungua, wanafunzi hubakiwa na michoro ya ubaoni tu. Kwa hiyo yafaa mwalimu na mwanafunzi waelewe sio tu namna ya kukiwasha, bali pia mambo yanayokiunguza.

Tuchukue mfano wa chanzo cha bei nafuu, chenye transfoma nzito, kilichoandikwa “volti 0–30, ampea 0–3”. Maandishi hayo hutaja mipaka miwili, kila mmoja peke yake. Hayaahidi kwamba chombo kitastahimili kila mchanganyiko wa volti na ampea kutwa nzima.

Joto

Ndani ya chombo hicho mna transfoma ipunguzayo volti za njia kuu, diodi zigeuzazo mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, kapasita ya kusawazisha, na transista ya kudhibiti. Tuseme volti ziifikiazo transista ni 36. Volti zote zisizotolewa nje hubaki juu ya transista, na nguvu yake hugeuka joto:

Nguvu ipoteayo = (36 − volti zitolewazo) × mkondo

Tukitoa volti 30 kwa ampea 3, transista hupoteza 6 × 3 = wati 18. Tukitoa volti 5 kwa mkondo uleule, hupoteza 31 × 3 = wati 93, ilhali saketi yetu hupata wati 15 tu. Basi volti chache si lazima ziwe mzigo mwepesi. Mkondo ukiwa mkubwa, ndizo zichoshazo chombo zaidi. Vyombo vingine hupunguza hasara hii kwa kubadili sehemu ya transfoma inayotumika, na mlio mdogo husikika volti zinapozungushwa. Hata hivyo, matundu ya hewa yasizibwe kamwe kwa vitabu au daftari.

Kidhibiti cha mkondo

Kidhibiti cha mkondo huzuia mkondo usizidi kiasi tulichoweka. Lakini mara nyingi kuna kapasita nyingine kwenye ncha za kutolea umeme, nayo iko mbele ya kidhibiti. Kapasita ya mikrofaradi 470 iliyojazwa kwa volti 30 huhifadhi nishati ya:

½ × 0.00047 × 30 × 30 = juli 0.21 hivi

Diodi itoayo nuru ikiunganishwa wakati huo, nishati hiyo humiminika ndani yake ghafla na yaweza kuiua, hata kama kidhibiti kimewekwa kwenye miliampea 20. Kwa sababu hiyo tufuate utaratibu huu:

1. Punguza volti hadi sifuri kabla ya kuunganisha saketi.
2. Weka kikomo cha mkondo kinachozidi kidogo tu mahitaji ya saketi.
3. Unganisha, kisha pandisha volti polepole huku ukitazama mita.
4. Diodi itoayo nuru iwe na rezista yake daima. Kwa volti 5, diodi ya volti 2 na mkondo wa miliampea 10, rezista ni 3 ÷ 0.01 = omu 300.

Mita

Mita ionyeshayo ampea kwa tarakimu mbili baada ya nukta haiwezi kutofautisha mikondo iliyo chini ya miliampea 10. Mkondo wa miliampea 4 waweza kuonekana kama 0.00. Kwa majaribio ya namna hiyo tumia miliamita ya pekee. Vilevile, waya zenye ukinzani wa omu 0.1 hupoteza volti 0.3 kwa ampea 3. Kwa hiyo pima volti kwenye saketi yenyewe.

Mwisho, kifuniko kisifunguliwe na mwanafunzi. Ndani mna umeme wa njia kuu, na kapasita huweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa.

Maswali

1. Chanzo kilichoelezwa kinatoa volti 12 kwa ampea 2. Transista inapoteza wati ngapi?
2. Ikiwa transista huweza kupozwa hadi wati 62 tu, ni mkondo gani wa juu kabisa unaofaa kwa volti 5?

Majibu: (1) wati 48, (2) ampea 2.