Kamera ya Mkanda Mmoja: Mafunzo Niliyopata

Kamera za kutumia mara moja zimerudi mikononi mwa vijana, nami nafurahi. Fujifilm ilianza kuziuza Japani mwaka 1986, Kodak ikafuata mwaka 1987. Mimi nimezipeleka harusini, pwani na safarini, na ninaziheshimu. Kama unataka picha ambazo wajukuu watazishika mkononi, haya ningependa uyajue kabla hujachana pakiti.

1. Muulize fundi kabla ya muuzaji

Rafiki yangu aliniletea kutoka Uingereza kamera ya Ilford ya picha nyeusi na nyeupe. Nilipoimaliza nikaipeleka studio. Fundi akaigeuza, akasoma ubavuni, akanirudishia: alikuwa na dawa ya mikanda ya rangi tu. Ilford ina mikanda ya aina mbili katika kamera hizi. Wa XP2 husafishwa kwa dawa ileile ya picha za rangi, iitwayo C-41. Wa HP5, kama ule wangu, unataka dawa ya nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo tafuta kwanza atakayekusafishia, uliza anapokea nini, ndipo ukanunue.

Kisha soma ganda: tarehe ya mwisho, kama ina flashi, na namba ya ISO. QuickSnap ya kawaida ya Fujifilm ni 400. FunSaver ya Kodak ni 800, yaani inatosheka na nusu ya mwanga unaohitajiwa na ile ya kwanza. Anayepiga zaidi jioni na ndani ya nyumba achukue ya 800. Na ile iliyokaa kwenye dirisha la duka ikipigwa jua iache hapohapo, hata muuzaji akushushie bei vipi. Joto huharibu rangi za mkanda kabla hujapiga picha hata moja.

2. Zidisha mwanga

Hili nilifunzwa na mzee mmoja wa studio, Tanga, baada ya harusi ya mpwa wangu. Alishika mkanda uliokwisha kusafishwa, akauinua dirishani. Picha zilizopigwa uani mchana zilikuwa nzito, zimejaa. Zile za ndani, chini ya taa za ukumbi bila flashi, zilikuwa nyeupe kama kioo. Niliuona mnazi wa nje kupitia kwenye mkanda. “Mwanangu,” akaniambia, “mwanga ukizidi nitaupunguza mimi. Ukipungua, sina pa kuutoa.”

Sababu yake iko ndani ya kamera. Tundu la lenzi halipanuki wala halisinyai, na kasi ni moja tu: QuickSnap hufungua kwa takriban 1/140 ya sekunde, iwe adhuhuri ufukweni au magharibi kibarazani. Haipimi chochote. Waliobuni kamera hizi walitegemea uvumilivu wa mkanda wa negativi, ambao hustahimili mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Ndiyo maana picha za jua kali hutoka vizuri, na za ukumbini hutoka zikiwa na ukungu wa kijivu na chenga.

Sisi wenye ngozi nyeusi tulishike hili zaidi. Mtu akilipa jua mgongo, bahari nyuma yake itang’aa na uso utapotea. Mgeuze uso uelekee mwanga, au washa flashi mchana kweupe. Watu watakushangaa, wewe washa. Kisha subiri kile kitaa kidogo cha flashi kiwake ndipo ubonyeze. Ukibonyeza kabla, umepoteza moja kati ya picha 27.

3. Hesabu hatua

Usiku mmoja Forodhani, Unguja, nilipiga sahani ya pweza kwa karibu, halafu majahazi yaliyotia nanga, halafu binti yangu akinywa juisi ya miwa. Pweza alitoka ukungu mtupu, majahazi yakatoka giza tupu, binti akatoka kama malaika. Nilishangaa, maana zote nilizipiga mahali pamoja na kwa flashi ileile.

Lenzi ya kamera hizi imekazwa kiwandani kuona vizuri kuanzia kama mita moja kwenda mbele, na flashi haifiki mbali zaidi ya mita tatu hivi. Binti alikuwa ndani ya eneo hilo. Basi usiku kaa hatua mbili au tatu kutoka kwa mtu wako, na bahari iachie mchana. Tena kidirisha unachochungulia kiko kando ya lenzi, hivyo ukisogea mno utakata kichwa ambacho wewe umekiona kizima.

4. Waachie wengine

Harusini weka kamera moja kwenye meza ya akina shangazi, nyingine wape watoto. Picha ninazozipenda kuliko zote katika albamu yangu sikuzipiga mimi. Kwa mtoto, mwoneshe tu kidole chake kisizibe lenzi.

5. Linda mkanda hadi mwisho

Kiwandani mkanda huvutwa wote nje ya kikopo chake, na kila unapopiga picha moja hurudishwa ndani. Kwa hiyo kamera ikiisha, picha zako ziko salama. Usiifungue kwa udadisi. Umeme wa flashi hubaki humo na unaweza kukurusha, hata betri ikiwa imetolewa. Usiiache kwenye gari juani. Uwanja wa ndege, usiitie kwenye begi la kupakiwa, kwa sababu mashine za mizigo ni kali kwa mkanda. Ishike mkononi na uombe kwa adabu ikaguliwe bila kupitishwa kwenye mashine.

La mwisho ndilo linaloniuma. Studio moja ilinipa picha zangu za mazishi ya baba zikiwa nzuri kabisa, na negativi wakazitupa, kwa sababu sikuzidai. Zile za karatasi sasa zimefifia, na hakuna cha kuchapishia tena. Unapoiacha kamera yako studio, mwambie fundi unazitaka negativi, na umwombe aandike hivyo kwenye risiti.