Kabla Hujaweka Alama Kolwezi

OpenStreetMap, Google Maps na ramani nyingine za namna hiyo humruhusu mtu yeyote kuongeza njia na hoteli, na baadhi yake hata picha na maoni. Huku Kolwezi, mkoani Lualaba nchini Kongo, ambako migodi inameza mitaa, ruhusa hiyo si ya kuchezea.

USICHORE njia ambayo hujaipita mwenyewe. Picha ya setilaiti huenda ni ya miaka mitatu nyuma. Mimi nilifuata mstari mmoja mnyoofu kwenye simu, nikagota kwenye ukuta wa zege. Mlinzi hakunionea hata huruma: "Baba, hii njia ilikufa zamani." Nyuma yake, shimo.

ANDIKA tarehe. Daima. Kasulo, mtaa wa Kolwezi, mwaka 2014 watu walianza kuchimba kobalti nyuani na hata chini ya vyumba vya kulala. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta, kaya zikahamishwa. Maelezo ya mtaa huo yasiyo na mwaka ni uongo, hata kama siku yalipoandikwa yalikuwa kweli. Na wengi hupakua ramani mara moja, wakaitumia miezi bila intaneti.

USIWEKE alama penye mashimo ya wachimbaji wa mkono. Wengine huingia usiku kwa kuwakwepa walinzi. Wewe unawaonyesha kwa kidole.

USIPANDISHE picha za vizuizi, kambi za jeshi wala uwanja wa ndege. Hapo hakuna mjadala.

TAJA safari kwa saa. Lubumbashi hadi Kolwezi ni kama kilomita 300, lakini lori moja la shaba likilala njiani, hesabu yako imekwisha. Sema pia kama ulipita wakati wa mvua au wa vumbi.

TUMIA jina la leo: Likasi, si Jadotville, ziwa Nzilo, si Delcommune. La kikoloni lina nafasi yake, kwenye sehemu ya jina la zamani.

USIANDIKE "soko" tu ukifika Musompo. Mgeni atakuja na kikapu akitafuta sombe (kisamvu), akute mizani na magunia ya madini.

Na nyota zako: USIMNYIME mama muuza bukari (ugali) nyota mbili kwa sababu umeme ulikatika. Umeme si wake. Andika samaki walikuwaje, anafunga saa ngapi, na kama alikubali umpige picha.